Majina Nilitupa Kule Kpandroma

Ariwara, siku ya yenga, kisha misa

Mama,

Kama uko umekaa, simama kwanza. Salamu za leo hazipokelewe mu kiti, juu hauandikiwe tena na ule Dieume aliyekuwa anakuibia sukari. Unaandikiwa na sauti kubwa kupita sauti zote, toka muto Shari mpaka mupaka ya Sudani. Usicheke. Mu Mongbwalu nilipiga kelele moja tu, kuku za kartie yote zikataga mayai, na wanasema jogoo moja pia. Muchimbaji moja alitoka chini kabisa ya shimo, udongo mpaka mu masikio, akauliza nani amemuita.

Sasa unaweza kukaa. Goti yako inasema nini? Ile mafuta nilikuachia ulipaka, ao umeigawa kwa jirani sawa vile unagawaka kila kitu ya nyumba isipokuwa fimbo? Furaha anakohoa bado? Weye Furaha, dada yangu, najua ni weye unamusomea Mama hii barua. Soma yote. Usiruke mistari kwenye ninajisifu, ile ndiyo mistari mizuri. Na usitengeneze maandiko yangu na bic nyekundu. Niliacha masomo mu mwaka wa pili ya sekondere, ni kweli, lakini mikro haiulizake mutu diplome.

Utauliza juu ya nini ninaandika na telefone iko. Mama, kwa telefone hauniachake nimalize. Mi nasema, "Mama, jana tulipiga muziki," weye unauliza, "Umekula?" Mi nasema, "Watu walijaa mpaka inje," weye unauliza, "Umevaa pulover?" Nimekula. Nimevaa. Sasa acha niseme.

Na kitu gani unatafuta mu hii barua, ninakijua. Toka mustari ya kwanza unamwambia Furaha, "Angalia kama ameandika Lotsove." Ngoja. Nitafika pale. Njia ni ndefu, na mi niliipita na bafle za muziki mu kichwa, weye unaipita umekaa.

Sikusahau. Siku ya kuondoka ulikuja mpaka kwenye kamio, ukanishika sikio mbele ya orkestra yote, mi mwenye lunette nyeusi mu uso, ukasema: "Dieume, ukifika Kpandroma, sitaki uniletee viazi, sitaki maharagi. Utupe jina moja mu wimbo. Useme hivi: Lotsove, Adèle anakusalimia. Basi." Wanamuziki wakanicheka mpaka Mongbwalu juu ya lile sikio.

Furaha alikuwa hajazaliwa, ni muzuri asikie pia. Zamani, Mama alikuwa anapanda Kpandroma na samaki ya chumvi ya Tchomia, anashuka na maharagi. Alikuwa analala kwa rafiki yake Lotsove, kitanda moja, blanketi moja. Siku vita ilitukuta kule, mi mu mugongo ya Mama, Lotsove ndiye alitupitisha mu mashamba ya watu wake mpaka njia kubwa. Alitembea mbele na kitunga ya viazi, akisalimia kila mutu, kama vile anasindikiza mudogo yake. Na kwa kuwa weye naye, Mama, mulikuwa munasema luga moja, hakuna mutu aligundua kwamba siye ni wa upande ingine. Kisha akarudia. Toka pale, hakuna neno. Miaka yote ile haujui kama alifika kwake, ao kama walimulipisha juu yetu.

Na siye wote tunajua: amani iko, lakini ni amani ya kutembea nayo pole pole, sawa na mutu amebeba mayai. Ukimuuliza mutu kwa jina kule juu, watakuuliza na weye: unamutafuta ya nini? Nani amekutuma? Na yeye pia watamuuliza, kwa nini watu wa chini wanamutafuta. Lakini jina yenye kutupwa mu wimbo haiulizi mutu kitu. Inapita juu ya vichwa vyote, inaanguka kwa mwenyewe. Ni weye uliwaza ile, si mi. Nakuachia ile sifa moja, zingine zote ni zangu.

Basi, Mongbwalu. Papa Zakayo, jirani yetu fundi wa baiskeli, alisema mbele ya watu kwamba kupiga makelele si kazi. Mumwambie hivi: wanamuziki wanaanza polepole, mwimbaji analilia mapenzi yake, watu wanatikisa kichwa tu na kuangalia chupa zao. Kisha gitaa inaanza kukimbia, ile ndiyo sebene, na pale ndipo atalaku anaingia. Atalaku ni mi. Ninapiga kelele, ninaonyesha watu namna ya kucheza, na ninatupa majina. Mutu akisikia jina yake mu bafle, ata kama iko na jino inamuuma, atasimama. Kwa hiyo wanakuja mbele na karatasi, wameandika majina: yao, ya mabibi wao, ya marafiki. Mi nasoma, natupa. Papa Zakayo aniambie kama vélo ilishaka kusimamisha mutu namna ile.

Mu Mongbwalu kulikuja tajiri moja, mwenye shimo ya zahabu, mwenye wanamuitaka PDG, sawa mukubwa wa kampuni. Akapanda mpaka kwenye mikro, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Weye kadogo, unajua mi ni nani?"

"Ninakujua muzuri, Papa," nikasema. "Jina yako tu ndiyo sijui."

Kizito, mupigaji wetu wa ngoma, akaanza kupanga vijiti vyake mu kifuko, tayari kukimbia. Kisha PDG akacheka mpaka tukaona meno yake yote ya zahabu. Nikamutupa mu sebene: "PDG wa udongo! PDG wa mbingu! PDG, majiwe yanamuogopa!" Akacheza na boti zake za shimo mpaka moja ikabaki mu matope, akaendelea na soksi. Kesho yake nilimuona anapita, ananipigia saluti sawa mi ni generali.

Na ni pale nilipata jina. Katikati ya wimbo, groupe ya umeme ikakufa, mafuta ya mazutu imekwisha. Bafle kimya, gitaa kimya, Président Sylva, mukubwa wa orkestra yetu, anashika kichwa. Mama, mutoto wako alipanda juu ya pipa, akaendelea na koo tupu. Kizito ananifuata na ngoma. Watu elfu, ao kama si elfu basi mia tatu, wanacheza bila umeme. Muchimbaji moja akapiga kelele: "Huyu ni megafone bila pile, bila betri!" Toka siku ile, ata Président ananiita Mégafone. Ulinibatiza Dieumerci, Mongbwalu ikakusahihisha. Usikasirike.

Kupanda Kpandroma tulitumia siku mbili. Kamio ilizama mara nne. Tulishusha bafle, tukabeba mu kichwa, tukasukuma, tukapakia tena, tukazama tena. Président Sylva alivaa suruali yake nyeupe siku ile, sijui nani alimudanganya kwamba njia imetengenezwa. Baridi ya kule unaijua. Mupigaji wa basi, ile gitaa ya sauti nzito, alivaa kifuniko yake kama gilet.

Mbele ya kuingia, tukakuta bariere: kamba, na vijana kama kumi. Hawakuwa na silaha, walikuwa na majembe, wanasema wanatengeneza njia. Lakini Mama, unajua namna mutu anashika jembe akiwa analima, na namna anashika akiwa anakungojea. Moja, murefu, akatupita kila mutu kwa macho, akasimama kwangu. Kila mara ni kwangu. Uso yangu iko na matatizo gani?

"Weye. Unatoka wapi?"

"Bunia."

"Bunia kubwa. Kartie gani?"

"Lumumba."

Akaangalia wenzake, juu kartie inaonyeshaka mutu ni wa upande gani.

"Jina?"

"Mégafone bila Pile."

"Sikuulize michezo. Jina ya baba yako?"

Sijui ni shetani gani alinishika ulimi. Nikasema: "Pile. Na iko kweli, niko bila yeye."

Mama, unajua Baba tulimuzika mwaka gani wa vita na juu ya nini, na mi nasimama pale namufanya mchezo mbele ya vijana wa watu wale wale... Lakini ule murefu akasema, polepole, "Hata mi niko bila wangu." Kisha: "Piga kelele kidogo tusikie." Nikapiga. Wenzake wakaanza kutikisa mabega. Akashusha kamba mwenyewe. Akasema, "Saa tisa tuko mbele. Mukicheza mubaya, tutafunga tena." Nikamwambia, "Mukubwa, mukicheza mubaya ni siye tutawafunga."

Sasa sikia, Mama, juu hapa ndipo mahali ya kuita majirani. Furaha, fungua dirisha.

Tulipiga mu uwanja karibu ya soko, siku ya soko, kisha watu kumaliza kuuza. Toka vita hakuna orkestra ya Bunia ilikuwa imefika pale. Watu walijaa, lakini walisimama mbali, mikono imefungwa mu kifua, kama watu wamekuja kusikiliza kesi. Wimbo wa kwanza, hakuna mutu. Wa pili, mutoto moja alicheza, mama yake akamuvuta. Président ananiangalia, jasho inamutoka mu baridi ile. Gitaa ikaanza kukimbia, nikaingia.

Sikutupa jina ya mukubwa wa soko, wala ya komite iliyotuita. Nilitupa viazi. Nikasema: "Viazi ya Kpandroma, Bunia yote inakusalimia! Maharagi ya Kpandroma, tulikungojea mu sahani, ulichelewa wapi?" Mama, mama moja wa kuuza viazi alicheka mpaka akaachia mikono. Na mutu akishaachia mikono, kiuno inafuata. Kisha nikatupa ule murefu wa bariere: "Murefu wa kamba, funga jua isishuke!" Akaruka katikati, jembe na yote. Nyuma yake wenzake. Kisha wamama. Kisha muzee moja na kofia ya kanisa, akicheza na muguu moja tu juu ile ingine inauma, lakini ile moja ilikuwa ya kazi.

Wakaanza kuleta karatasi. Nasoma, natupa, nasoma, natupa. Kila jina, watu wanapiga kelele na kumusukuma mwenyewe katikati. Niliona watu wawili wanakumbatiana na kulia mu sebene, ya nini sijui. Uwanja yote ilikuwa inatikisika. Kisha wakaanza kuita jina yangu: "Mégafone! Mégafone!" Watu wa kule juu, Mama. Watu wenye siye tuliambiwa, ukisikia sauti yao, kimbia. Wanaita mutoto wako. Ule murefu akanishika miguu na kuniweka mu mabega yake, na mi na mikro mu mukono, nikaona soko yote chini yangu, na milima, na mvua ikitoka upande wa Mahagi.

Kama nitakufa kesho, muandike ile siku mu msalaba. Sichezi. Président Sylva, mwenye hajawahi kusifu mutu isipokuwa yeye mwenyewe mu kioo, alisema mu kamio: "Kadogo, leo umefanya kitu magavana wameshindwa." Nikamwambia, "Ninajua, Président." Kizito akanipiga na kijiti.

Kisha tulipiga Mahagi, watu muzuri. Tulipiga Aru, mvua. Sasa tuko Ariwara, soko kubwa, pikipiki mingi, watu wanasema luga tano mu sentensi moja, na mi natupa majina mu luga zote ata zenye sijui. Nimejifunza pia kupiga pasi. Hiyo utaamini ukiona.

Unasalimia bibi, mama ya mama, umwambie mujukuu wake anavaa viatu yenye muncha mbele, na hapana, siwezi kumutumia, hazitoshe miguu yake. Unasalimia shangazi wa korale ya kanisa, umwambie sauti yangu inatoka kwake, ata kama alinifukuza mu korale mara mbili. Unasalimia muyomba kule kwenye ng'ombe zake. Aniwekee ndama moja, aipe jina Mégafone. Unasalimia mama wa mandazi wa mbele ya parsele, mandazi ya huku ni kama majiwe. Na Papa Zakayo mumusomee ukurasa wa sebene, polepole, mara mbili.

Mi ni mutoto wako, sauti ya Ituri, furaha ya wachimbaji, dawa ya milima,

Dieumerci Mégafone bila Pile, atalaku namba moja.

Mama, karatasi iko na nafasi bado. Nilifikiri itajaa.

Najua unangojea. Najua umemwambia Furaha, "Rudia, uliruka mahali." Hakuruka.

Jina ya Lotsove sikuitupa.

Nilikuwa nayo mu kichwa toka asubuhi. Nilisema, naiweka ya mwisho, sebene ya mwisho kabisa, pale wimbo iko moto, ili ianguke muzuri. Nilitaka ikuwe kubwa. Kisha wakaanza kuita jina yangu, nikapanda mu mabega ya ule murefu, na mi pia nikaanza kujiita. Kizito anasema nilijitupa zaidi ya mara makumi mbili. Mvua ikaanguka, Président akakata groupe, tukakimbia kufunika bafle. Na nilipokumbuka, uwanja ilikuwa maji tu.

Si ile yote. Ile ningeificha, ningekuambia nilitupa na hakuna mutu alikuja. Nilishaandika vile mu barua ya kwanza, nikaipasua.

Mu Mahagi nilipiga pasi ile vesti yangu, nikatoa vitu mu mifuko. Kulikuwa karatasi za Kpandroma. Nilisoma za kwanza pale uwanjani, zingine nilikuwa natia mu mufuko tu, juu nilishaanza kujiita. Moja ni ukurasa wa daftari, maandiko ya mutoto wa masomo. Inasema: "Mama Adèle wa samaki, wa Bunia, kama iko muzima. Anayemusalimia ni Lotsove."

Ninakumbuka saa mwenyewe alinipatia. Ninakumbuka mukono. Alinivuta vesti, akasema, "Mwanangu, ni moja tu." Nikamwambia, "Mama, ngoja, zamu yako inafika." Akasema aksanti.

Kizito anasema mama moja alisimama karibu ya bafle toka ile saa mpaka mvua, hakucheza. Alikuwa anasikiliza tu.

Nilimuomba Président turudie. Anasema njia imeharibika nyuma yetu, na tuko na mikataba huku. Nilimuomba shofere wa kamio ya viazi apeleke neno. Akaniuliza, "Unamutafuta ya nini?" Nikaogopa kumujibu, akaenda zake.

Ile karatasi nimeiweka mu bahasha hii. Lotsove iko muzima, Mama. Hiyo unaishika. Lakini utamwambia Furaha aandike kuniuliza alikuwa namna gani: amezeeka? Anatembea muzuri? Uso yake iko na alama? Amevaa nini? Usimuandikishe. Sijui. Alikuwa mbele yangu, ananishika nguo, na mi nilikuwa naangalia watu wanaoniita. Sikumuangalia.